Kamera Yangu Ndani ya Baladia ya Jeddah

Niliondoka Mombasa kwenda kumwona mdogo wangu Mwanaisha, nesi huko Riyadh. Hatukuwa tumeonana tangu aanze mkataba. Simu nayo nilikuwa nimeichaji vizuri, maana kwetu mimi ndiye yule mama anayeingia na kamera ya simu kwenye ofisi kongwe za serikali na kurusha mtandaoni, na wakinifukuza nawasomea katiba.

Riyadh, Mwanaisha alikuja kunipokea akiendesha gari mwenyewe. Ala! Pale mtaa wa Sulimaniyah tulikuta wasichana na wavulana mkahawa mmoja, muziki juu.

"Nchi imefunguka, dada," akasema. Nikaamini, tena kupita kiasi.

Jeddah tulikwenda kutembea kwa basi, tukalala kwa rafiki yake, mtaa wa Baghdadiyah. Asubuhi tukaingia jengo la zamani la baladia, yaani manispaa. Mlinzi akatabasamu, akasema kwa Kiarabu, Mwanaisha akinitafsiria: "Karibuni, pigeni picha!" Nikarekodi dari, ngazi, madirisha ya mbao ya kuchonga. Ndipo nikafika ukumbi ambao bado ni ofisi, watu foleni na makaratasi yao. Nikageuza kamera.

"Mnangoja tangu lini?" nikamwuliza Mtanzania mmoja. Akajifunika uso kwa makaratasi.

Mlinzi akaja mbio. "Halas! Mafi taswir!" Basi, hakuna kupiga picha tena.

Nikaanza hotuba yangu: ofisi ya umma, haki yangu. Wallahi hakunitazama hata. Alimnyooshea mkono Mwanaisha: "Ikama."

Niliyerekodi ni mimi, anayedaiwa kibali cha kuishi ni yeye!

"Dada, nyamaza! Futa!" Akaitoa ikama mkobani. "Wakinichukulia hii narudishwa nyumbani."

Nilifuta kila kitu. Mlinzi akaipiga picha ile ikama, akamrudishia, akatuonyesha mlango. Tukapanda basi kurudi Riyadh.

Siku ya pili Mwanaisha aliitwa na wakubwa wake kazini. Hakufukuzwa, alionywa: kosa jingine, safari.

Uwanja wa ndege aliniomba simu. Akaanza kufuta picha zetu, moja moja, mpaka ile tuliyopiga pwani tukicheka.

"Hata hiyo?" nikauliza.

"Wewe hukawii kurusha mtandaoni, dada. Nisamehe."

Nilichojifunza ni hiki: kwetu nikipayuka nashikwa mimi, kule angeshikwa aliyenikaribisha.

Mombasa, Mama alinipokea mlangoni, hata begi sijatua. "Hebu nionyeshe picha ya mwanangu," akasema. Sikuwa nayo hata moja.