Maua Mekundu kwenye Ngoro za Baba Mdogo

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu kwenye milima ya Mbinga, kulikuwa na ua la porini ambalo hakuna aliyethubutu kulipanda nyumbani. Jekundu, lenye manjano kooni, majani marefu kama visu. Kiangazi lilikauka na kupotea kabisa. Mvua zikianza, likachomoza lenyewe. Wazee walisema linalala na wafu, na ukilileta uani litamwita mtu wa nyumba hiyo.

Bibi mzaa baba alilipanda. Mlima ulipofyekwa ili kupanda kahawa, alichimbua vitunguu vya ua hilo, yale mashina yake ya chini ya udongo, akavifukia kando ya nyumba. Akauliza, nyuki na chozi, wale ndege wadogo wa kufyonza maua, wangekula wapi? Nilikaa mlangoni nikiwatazama chozi wakichovya midomo.

Kisha mtoto mchanga wa baba mdogo akafariki kwa homa. Matanga hayajaanuliwa, baba mdogo akaja na jembe.

"Mama, umetumalizia mtoto kwa maua yako."

"Niambie zahanati mlimpeleka lini," bibi akamjibu. "Maua usiniulize."

Baba mdogo akainua jembe. Jibu hilo mimi bado nalisubiri.

Aling'oa yote. Ulikuwa msimu wa ngoro, yale mashimo ya kulimia ya milimani kwetu, ambako majani hayatupwi: hupangwa miraba shambani, udongo unaochimbwa katikati ukayafunika yaoze. Akayatupa humo, vitunguu na vyote. Mkulima mzima alikifukia kitunguu kwenye udongo wake bora kuliko wote, halafu akashangaa.

Mvua zilizofuata, shamba lake likawaka wekundu katikati ya mahindi. Mwenye akili angesema vitunguu vimeota. Wao wakasema bibi kayatuma. Akaitwa mganga anayenyoa wachawi. Bibi akakalishwa chini mbele za watu, akanyolewa kwa wembe, akanyweshwa dawa. Jirani mmoja akatania kwamba sasa karudi usichana, watu wakacheka. Wakacheka kweli.

Njiani kurudi nilikuwa nalia. Bibi akaniambia, "Hebu nenda kule shambani, uniangalizie kama chozi wamefika."

Walikuwa wamefika.

Bibi ameshafariki. Likizo iliyopita nilimkuta baba mdogo akiwaonyesha wageni maua yale, anajisifu: urithi wa mama yangu huo. Nikamwamkia shikamoo, kama nilivyolelewa. Wageni walipoondoka nikamuuliza, na ule wembe je?

"Aa, mwanangu, hayo ya zamani. Tulishasamehe."

Tulishasamehe. Wao. Na alikuwa anamaanisha.

Nimeliwaza sana neno lile. Simlaumu kwa kumlilia mwanawe. Hata bibi alimlilia. Ila kuliogopa ua kulikuwa kwepesi kuliko kumbeba mtoto hadi zahanati mapema, na wepesi huo mwanamke mzee aliulipia kwa kichwa chake, sisi wajukuu tukitazama.