Chachu ya Barafuni

Mwaka tuliohamishiwa kijijini, dada yangu mkubwa alirudi nyumbani kwa likizo akiwa amekumbatia chupa ya chai isiyokuwa na chai.

Mashamba yetu ya mikorosho yalikuwa upande wa Kikole, kila nyumba mbali na mwenziwe. Operesheni ya kutuhamishia vijijini ilipokuja tulipakiwa kwenye lori pamoja na vyungu na kuku wetu, tukashushwa kando ya barabara, si mbali na Kiranjeranje, mahali palipokuwa pamefyekwa tu. Mvua ya kwanza ilitukuta na mapaa nusu. Sote tulichota maji kwenye kisima kimoja, na haukupita muda watoto wakaanza kuhara na kukohoa. Watu walisalimiana vizuri tu, shikamoo, marahaba, lakini walianza kutazamana.

Dada alikuwa msaidizi wa maabara katika chuo kimoja huko kaskazini. Mkuu wake, mtaalamu wa kigeni, alikuwa akipanda naye Kilimanjaro mpaka kwenye barafu, wakachimba vipande, wakaviyeyusha na kutazama kilichomo. Alifungua ile chupa mbele yetu. Ndani, katikati ya vipande vya barafu alivyonunua kwa wauza samaki Dar es Salaam, mlikuwa na vichupa vyembamba vya kioo, na kwenye kila kimoja utando wa rangi ya waridi, kama ufizi wa mtoto mchanga.

"Ni chachu," alisema. "Ndugu yake hamira ya vitumbua. Ila hii inaota kwenye baridi ya barafu. Ukiitia joto inakufa."

Mama akashika tama. "Kitu kinachokufa kwa joto, mwanangu, ndicho unachotuletea Kilwa?"

Alieleza kwamba mkuu wake alikuwa amerudi kwao na kuagiza kila kitu kimwagwe. Yeye amehamishiwa maabara ya hospitali huko Lindi. Alitaka kuihifadhi chachu ile mpaka apate mtu wa chuo kikuu wa kumkabidhi. Na kijijini kwetu baridi ilikuwa mahali pamoja tu: kwenye friji ya mafuta ya taa ya zahanati.

Mganga wa zahanati tulimwita daktari, ingawa mafunzo yake yalikuwa ya miezi tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake na wagonjwa wengi. Alimkubalia dada kona ya chini, na dada akavitia vichupa vyake kwenye kopo la maziwa, akalifunga mfuniko kwa mpira wa baiskeli. Nilikuwa nimemsindikiza. Alipoinuka aliona chupa kubwa kwenye rafu ya juu.

"Haya maji ni ya nini, daktari?"

"Ya kuchanganyia unga wa sindano. Nayachemsha mwenyewe."

"Lini?"

"Yapo kwenye baridi, dada. Kwenye baridi hakuna kinachoota."

Dada aliinyanyua akaielekeza dirishani. Nami nikaona: maji yalikuwa na weupe hafifu, kama yaliyooshewa mchele kwa mara ya mwisho.

"Kwenye barafu yenyewe vinaota," alisema, "seuze humu. Yamwage haya."

Mganga akacheka. Alisema atayabadilisha.

Kesho yake asubuhi binti yangu aliamka na homa. Nilimbeba mpaka zahanati, na dada akafuatana nami kutazama kopo lake. Mlangoni tulipishana na shoga yangu, ambaye shamba lake lilipakana na letu tangu Kikole, akimfunga mgongoni mwanawe aliyekuwa akilia. Mtoto alikuwa ametoka kuchomwa sindano. Nikaingia, nikamlaza binti yangu kwenye mapaja. Mganga aliichukua ile chupa kubwa akaanza kuvuta maji kwenye bomba la sindano. Dada akamdaka mkono.

"Usimchome huyu."

"Niache nifanye kazi yangu."

"Ni maji yale yale! Usimchome!"

"Mbona mwenziwe nimemchoma sasa hivi na hakuna neno?"

Nilipogeuka, shoga yangu alikuwa amerudi, amesimama kizingitini.

"Mmemchoma nini mwanangu?" aliuliza.

Dada alimwendea. "Litazame paja lake. Likianza kuvimba, mpeleke Lindi hapo hapo, usingoje."

Shoga yangu alinitazama mimi, kisha akamtazama mwanangu mapajani pangu, ambaye hakuchomwa.

Binti yangu alipona kwa vidonge na maji ya kuchovya kitambaa. Paja la yule mtoto lilivimba, likawa gumu na la moto. Lori la kijiji lilikuwa limepeleka korosho Mtama. Liliporudi alikuwa hatambui titi la mama yake, na alifariki njiani kabla hawajafika Lindi.

Matangani nilikaa na wanawake wenzangu, na hapo ndipo nilipolisikia neno lile kwa mara ya kwanza, likisemwa chini chini nyuma yangu. Alijuaje? Nilipokwenda kisimani nililikuta kisimani. Amemkinga wa ndugu yake, wa mwenziwe akamwacha. Amekuja na kitu chekundu kilicho hai ndani ya baridi, akakiweka kwenye dawa za watoto wetu. Alijuaje?

Mwenyekiti aliitisha mkutano. Dada alikuja na vichupa viwili alivyokuwa ameviweka juani, kimoja cha chachu yake na kingine cha maji ya ile chupa kubwa, aliyokuwa ameyateka siku ile ile ya sindano. Chachu ilikuwa imekufa, imekunjamana. Maji yalikuwa mazito kama uji mwepesi.

"Changu joto limekiua," alisema. "Hiki cha majini joto limekinenepesha. Ni vitu viwili mbalimbali. Mtoto alichomwa hiki."

Mwenyekiti alimtazama mganga. Mganga alileta chupa kubwa: imeoshwa, maji yake safi kama kioo. Aliinua uso mara moja tu, akauinamisha.

Shoga yangu akasimama. "Mimi nauliza moja. Ulijuaje?"

"Niliona kwa macho yangu, ndugu yangu."

"Macho gani hayo? Sisi wengine hatuna?"

Nilisema kwamba nami niliyaona maji yale. Hakuna aliyenigeukia. Mimi mwanangu alikuwa hai, ushahidi wangu ulikuwa na faida gani?

Ikaamuliwa vitu vyake viteketezwe. Dada hakubishana. Alikwenda kulileta kopo lake mwenyewe, akafungua kichupa kimoja kimoja na kukidumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, watu wakiwa wamesimama mbali na mvuke. Palitoka harufu ya togwa iliyolala. Akina mama waliwaziba watoto pua.

Kesho yake alipanda lori la kwenda Lindi. Baada yake majipu ya sindano yaliendelea, na mtoto mwingine akazikwa kabla ya mavuno. Niliwaambia akina mama waitazame chupa kwanza. Wachache walinisikiliza, na hao waliniomba nisiwataje.

Miaka kadhaa baadaye nilimpeleka mama hospitali ya Lindi. Tulikaa kwenye benchi la wanaongoja kupimwa damu, tukawakuta watu wa kijijini kwetu, tukasalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Mlango ukafunguliwa, akatoka dada na koti lake jeupe, amekonda kidogo.

"Anayefuata," alisema.

Mzee mmoja aliinuka, akajifanya amesahau kitu nje. Akamfuata mkewe. Kisha mwanamke mwenye mtoto wa homa, naye akajifunga vizuri kanga yake akaondoka, bila kugeuka. Dada aliwasindikiza kwa macho mpaka mwisho wa baraza. Kisha akaja kumshika mama mkono, akamwingiza ndani, nami nikabaki peke yangu kwenye benchi.