Jani la Begonia la Esha binti Chirau

Kwanza linyooshwe lililopindwa. Esha binti Chirau wa Waa hakuiba chungu cha maua cha mzungu wa Diani. Hakukichukua kizima, hakukichukua kimevunjika, wala hakumtuma mtu. Wanaosimulia kwamba mwaka ule wa sitini na tatu, wazungu walipoanza kufungasha, yeye aliondoka na begonia chini ya buibui, wanasimulia wasichokiona. Esha alikuwa mjane wa mwalimu Abdurahman, na mwenyewe alisoma hadi darasa la nane, wakati ambapo wasichana wa Waa waliofika hapo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki.

Alichochukua ni jani. Jani moja, tena lililoanguka. Miaka miwili kabla alikwenda Diani kushona mapazia nyumbani kwa mzungu huyo, akaliona sakafuni limekaa upande kama kofia iliyovaliwa kwa maringo: katikati rangi ya fedha, ukingoni zambarau. Akaliomba. Mwenye nyumba akacheka, akampa, akamwonyesha na namna ya kuliotesha.

Kutoka jani lile zikazaliwa begonia kumi na moja. Nyingine Esha aliziweka ndani, karibu na dirisha lisiloingia jua la mchana. Nyingine alizipanda nje, nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha migomba ambako upepo wa kusi haufiki. Maji ya kisima hakuzipa, kwa kuwa yana chumvi. Alikinga mvua kwenye pipa, akamwagia kwenye shina, kamwe si juu ya jani. Watu walipita wakisimama. "Hili ni ua au ni kitambaa?" waliuliza, naye alifurahi kama aliyesifiwa mwana.

Kisha habari ikaja kutoka Diani kwamba chungu kimoja kimepotea. Haikupita wiki, maneno yakaenea. Esha alikuwa akiwafundisha wasichana tisa kusoma na kushona barazani pake. Jumatatu walikuja sita. Alhamisi walikuja watatu.

Mzee Rai, mzee wa mtaa, akaja, na nyuma yake jirani Chiku Kibwana, msokota kamba, ambaye ulimi wake haukuwa na mlango.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeletwa na maneno."

"Najua. Aliyeyabeba umefuatana naye."

"Mimi nasema nionacho!" Chiku akadakia. "Unasema yote haya yametoka katika jani. Mnazi nimeupanda kwa nazi, muhogo kwa shina, mgomba kwa chipukizi. Kitu kupandwa kwa jani! Likiota, shoga, nitazila kamba zangu."

"Utazila na chumvi au bila?"

Mzee Rai akaficha kicheko kwa kikohozi. Esha hakucheka. Alikata jani moja, akaligeuza, akaichanja mishipa yake minene kwa wembe, akamwekea Chiku mkononi.

"Nenda nalo kwako, lisije likasemwa nimefanya kiinimacho. Lilaze juu ya unga wa makumbi ya nazi ulio na unyevu, libane kwa miiba ya mlimau, lifunike kwa bakuli la kioo. Likiota, Mzee Rai atasimama mbele ya watu aseme kweli. Lisipoota, niiteni mwizi, na darasa langu nalifunga mwenyewe."

"Hayo umeyasema wewe," akasema Mzee Rai.

Siku ya kumi na mbili Chiku alikuja na bakuli, anacheka hata mabega yanacheza. Jani lilikuwa jeusi, teketeke kama tembele lililopikwa.

"Haya, mwalimu! Mtoto wako kafa kabla ya kuzaliwa."

Esha alilitazama jani, akautazama unga wa makumbi. Akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akautia ulimini. Papo hapo akapiga kofi.

"Chumvi! Chiku, makumbi haya umeyatoa wapi?"

"Kwani hutoka wapi? Shimoni kwangu, ufukweni. Yamelala miezi sita yakilainika, kama makumbi ya watu wote."

"Kwa kamba, sawa. Lakini jani umelipikia mchuzi! Hata mimi mwaka wa kwanza niliua matatu hivyo hivyo."

Mzee Rai naye akaonja, akakunja uso. "Kweli. Pwani nzima imo humu. Anzeni tena."

Safari hii makumbi yaliloweshwa kwa maji ya mvua, yakakamuliwa, yakaloweshwa tena, mara saba, na kila mara Chiku mwenyewe ndiye aliyeonja. Jani jipya likalazwa. Wiki ya tatu halikuoza. Wiki ya nne Chiku hakwenda sokoni, ati ana mafua. Wiki ya tano watoto walimwona amepiga magoti, pua yake imegusa kioo. Watu walianza kumpitia asubuhi, "Vipi mgonjwa?", naye akawafukuza: "Msilifungulie upepo!" Esha alikaa kwake akishona, na kila hatua njiani ilimsimamisha sindano.

Wiki ya saba, jua halijapanda, kelele zikasikika.

"Yameota! Jamani, yameota!"

Chiku alikuja mbio, miguu mitupu, kanga moja ikiburuta mchangani, bakuli amelikumbatia. Pale wembe ulipopita vilikuwa vimechomoza vijani vitano, kila kimoja kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga, na kila kimoja, Mola ni shahidi, kimeshaanza kukaa upande, na ukingo wake wa zambarau.

"Tazama, Esha! Tazama hiki! Kina manyoya!"

Esha akatazama, machozi yakamtoka huku anacheka. Ua wote ukajaa vigelegele. Mzee Rai akaja hajavaa kofia, akasimama juu ya kizingiti: "Enyi watu wa Waa, jani limezaa mbele yetu. Esha binti Chirau si mwizi. Atakayesema tena, aje kwangu na ushahidi." Kabla ya adhuhuri wasichana tisa walikuwa barazani, na wa kumi amekuja na mkeka wake.

Chiku hakushangilia muda mrefu. Alimshika Esha mkono, akaomba waingie ndani, wao wawili tu. Mlango ukafungwa. Walikaa kitambo. Chiku alipotoka macho yalikuwa mekundu, akapita katikati ya watu bila kumsalimu mtu, na mche mmoja kiganjani.

Wanawake wakamzunguka Esha.

"Kakwambia nini, dada? Nani aliyemtia maneno yale?"

"Mmeuona mche, na mzee mmemsikia. Yaliyosemwa chumbani siyasemi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."