Neno la Mama katika Mchezo wa Ijumaa Kuu

"Kezia kazificha nguo za mchezo," jirani yangu Hilda aliniambia tukianika nepi. "Pasaka hii hakuna mchezo, shoga. Kawanunia wanaume wote."

Sikuamini. Nikamfunika mwanangu mchanga, Clifford, kwa shali, nikapanda naye mlimani kwa Bibi Kezia Greenwood. Yeye alikuwa mfumaji kiwandani tangu utotoni. Sasa huwashonea wachezaji maua ya karatasi na kuwakumbusha maneno wanaposahau. Nilimkuta anachemsha mayai kwa maganda ya vitunguu ili yapate rangi, nguo zote zimetandazwa mezani.

"Nizifiche nizipeleke wapi? Zimechanika, nazishona," alisema. "Kinachoniudhi ni huyu hapa."

Alimwonyesha Wilf Crabtree, dereva wa basi, aliyekaa karibu na moto na kikombe cha chai, kofia ya kike kichwani na sketi kiunoni. Katika mchezo wetu wa kuigiza wachezaji wote ni wanaume, na Wilf ndiye mama. Mwanawe akishauawa kwa upanga, humwinamia na kumwita *silly*. Siku hizi neno hilo ni la mpumbavu, na mwaka jana uwanja mzima uliangua kicheko.

"Nimwite tu 'mwanangu mpendwa', Bibi, yaishe," Wilf alisihi.

"Mpendwa wa kwenye kadi za dukani! Bibi yangu alimwita *silly* kila mwanakondoo aliyezaliwa kwenye theluji. Maana yake maskini asiye na kosa. Na kabla ya hapo, kasisi alitueleza, lilikuwa neno la mtu mwenye heri."

"Basi limeshahama nyumba mara mbili. Kwa mpumbavu limepata pa kukaa, liache."

"Hama wewe na sketi yako! Wanacheka hayo masharubu."

Wilf alicheka mpaka chai ikamwagikia hiyo sketi. Bibi Kezia naye alicheka, lakini nilimwona akigeukia sufuria haraka, akifuta macho kwa kona ya aproni.

"Likitoka kwenye mchezo," alisema taratibu, "nikifa mimi hakuna atakayelijua lilivyokuwa."

Wilf akaweka kikombe chini. "Sasa aliseme nani asichekwe? Mwanamke hajawahi kucheza."

Clifford alijinyoosha usingizini, akakunja uso kama anayetaka kulia, kisha akatabasamu peke yake. Sijui nini kilinituma. Nilimwinamia nikamwita kwa neno lile lile, polepole, nikimpangusa mate kidevuni.

Hakuna aliyecheka. Wilf alivua ile kofia, akaiweka mezani mbele yangu.

"Mimi nitabeba ngoma ya wachezaji," alisema. "Masharubu na ngoma vinapatana."

Bibi Kezia aliepua mayai, yamekuwa mekundu vizuri kabisa, akanitazama huku anajipangusa mikono.

"Ijumaa Kuu, Nellie mwanangu, njoo unisemee hivyo hivyo uwanjani. Na uvae sketi yako mwenyewe, hii ya Wilf imeshajaa chai."