Mjane Asiyekaa Eda

Mama hakujua Kiingereza, na tamthilia ile ya Kichina ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini. Kwa hiyo kila Jumapili mchana, kwenye fleti yetu ya North York, Toronto, mimi nilisoma na kumtafsiria, na yeye alinishuku.

"Yule kasema maneno yote yale, wewe unaniambia mawili?"

"Kichina ndivyo kilivyo, Mama."

"Haya."

Ile "haya" yake naijua. Ni ya mtu anayeliweka jambo kiporo.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, baridi yake ya kwanza Toronto. Hadithi yenyewe ni ya mjane wa zamani huko Uchina aliyerithi duka la hariri la mumewe akalifanya biashara kubwa. Nilidhani itamfurahisha, maana yeye na marehemu baba walikuwa na duka la kanga Tanga. Ujinga wangu huo.

Mengine aliyasifu. "Tazama anavyokisugua kitambaa kwa kidole gumba, halafu anakiinua kwenye mwanga. Aliyemfundisha alikuwa muuzaji kweli." Lakini nywele! "Kutwa yuko ghalani na unywele haujatikisika? Muongo huyo." Na kila mjane alipokwama, mwanamume mzuri wa sura alitokea juu ya farasi. Mama akasonya. "Sisi mbona farasi hakuja?"

Kilichomtia hasira zaidi ni shemeji wa mjane, aliyelitaka duka. Kila akiingia, ngoma zinalia na nyusi zake zinapanda. "Uongo mtupu," Mama alisema. "Mwizi wa kweli hana sura hiyo. Mwizi wa kweli anakuja na sukari kilo mbili na machozi." Halafu akanitazama mimi, si runinga.

Toba! Kuanzia hapo kila neno lake nililiona kijembe. Baba yangu mdogo alikuja hivyo hivyo, na sukari, wiki ile aliyofariki baba. Mama alikuwa ameingia eda, miezi minne na siku kumi hatoki nje. Alinipigia simu huku Toronto kuuliza nani atashika duka. Nikamwambia mpe baba mdogo funguo, ni damu yetu, wewe kaa eda yako. Alipotoka eda alikuta kufuli jipya mlangoni na jina la shemeji yake kwenye leseni. Miaka saba hatukuligusa jambo hilo.

Na huyu mjane wa Kichina, siku ya tatu baada ya mazishi, yuko dukani na nguo zake nyeupe za msiba!

"Siku ya tatu?" Mama aliuliza. "Hana eda?"

"Hana."

Akakiweka kikombe chake cha chai chini, asikiguse tena.

Nikaanza kumdanganya. Mjakazi alipomwonya mjane asithubutu kumpa shemeji funguo za ghala, mimi nikatafsiri, "Anasema mvua itanyesha."

"Mvua?" Mama alitazama jua lililojaa uani kwenye runinga. "Haya."

Jumapili ya mwisho shemeji alipiga magoti akalia, na mjane akamsamehe, akampa na kazi. Huo ndio udhaifu mkubwa wa tamthilia ile, kama mtu ataniuliza. Mama hakungoja nitafsiri. Alichukua rimoti akazima.

"Nikuulize. Alikupa nini?"

"Nani?"

"Shemeji yangu. Alikupa nini hata ukaniambia nimpe funguo? Nimekaa nalo miaka yote hii."

Nilipandwa na hasira. Nikaapa kwamba hakunipa hata pipi, na ndiyo kweli. Kumbe mimi nikihofia vijembe, mwenzangu ananiona mwizi! Mama hakubisha. Alikaa ananitazama vile anavyotazama kitambaa anachokishuku, na hasira yangu ikaisha, nikabaki na aibu.

Wakati ule nilikuwa nimepata kazi mpya ya kuhudumia wazee. Duka lingekosa mtu, ningelazimika kurudi nyumbani kulishika mpaka eda iishe, na kazi ningeikosa. Sikumwamini baba mdogo hata siku ile. Nilijua.

"Alinipa sababu ya kutokuja," nikasema.

Mama akavua miwani.

"Leo umetafsiri yote," akasema. Akaenda kutawadha, na hakuniambia kama amenisamehe.