Safari ya Mwezini Ilikuwa Yangu

Mume wangu Mfaume aliichukua hadithi yangu, akaitia katika gazeti la kila mwezi kwa jina lake, kisha akanifunga mdomo nisiseme kuwa ni yangu. Hilo ndilo kosa. Nalitanguliza ili msomaji asije akadhani nalia kwa sababu ya ukewenza au kanga.

Mimi ni Mwanabaraka, mzaliwa wa Keko. Shule sikupelekwa. Nilisoma Kurani chuoni, na kwa herufi zile zile naandika haya. Kazi yangu ilikuwa kusuka mikeka. Alasiri wanawake wa jirani walikuja uani kwangu, kila mmoja na ukili wake, na mikono ikifanya kazi mie nasimulia. Hadithi waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Birika. Nilikuwa nimekiona kifuniko cha birika kikirukaruka jikoni kwa nguvu ya mvuke, nikawaza: lingekuwa kubwa kama nyumba, likazibwa sawasawa, lingefika wapi? Nikalifikisha mwezini. Ndani niliwatia watu saba na viriba vya hewa, maana nilifikiri huko juu hakuna upepo. Wa saba alikuwa Somoe, dada wa nahodha. Yeye ndiye aliyehesabu siku: kila siku fundo moja katika uzi, kama mjane anavyohesabu eda yake. Bila Somoe wale wanaume sita wasingejua leo ni siku gani, wala hewa imebaki ya siku ngapi.

Mfaume alikuwa karani wa forodhani. Akirudi kazini aliisikia hadithi huku akivua viatu. Miaka miwili kabla ya vita vya Hitla ikaanza kutoka gazetini. Somoe hakuwamo.

Nilijua kwa sababu kibaraza chetu kiko chini ya dirisha langu. Gazeti likifika, Muhdhar mwenye duka alilileta, Jabiri seremala akaja na vumbi lake la mbao, na Mfaume akawasomea. Mimi nilikaa ndani, nyuma ya mbao za dirisha, kwa kuwa mke wa karani hakai barazani na wanaume. Toleo la tano ndilo lililowagombanisha.

"Simama hapo hapo," alisema Muhdhar. "Mwanzo walipanda watu saba. Magazeti yote ninayo, sibahatishi. Leo wamekaa kufuturu, umewataja sita. Wa saba kaliwa na nani?"

"Labda huyo kaunganisha funga na ya kesho," alisema Jabiri, wakacheka. "Langu mie ni jingine. Wamejuaje kwamba ni Ramadhani? Sisi huku tunakodoa macho mpaka mwezi uandame. Wao watauona wapi ukiandama, na wameukanyaga?"

"Waliuona kabla ya kuondoka," alisema Mfaume.

"Waliondoka Rajabu! Si wewe uliyesoma? Na mlango wa Birika, toleo la pili unafungukia nje, leo unafungukia ndani. Mlango ndiyo kazi yangu, bwana. Nani kahamisha bawaba huko angani?"

"Mtaona mbele."

"Mbele giza tupu," alisema Muhdhar. "Nirudishie gazeti langu."

Kila walichouliza nilikuwa na jibu lake. Nilikaa nalo kama mtu mwenye maji ya moto mdomoni, hawezi kumeza wala kutema.

Mfaume akaingia ndani, jasho linamtoka. "Mama Thuraya, niwajibu nini?"

"Mrudishe Somoe. Yeye ndiye wa saba, na yeye ndiye aliyeijua Ramadhani kwa mafundo yake."

"Mwanamke kati ya wanaume sita! Maharimu wake nani? Nitachekwa."

"Ni dada wa nahodha, Bwana. Ungesikiliza, badala ya kuhangaika na viatu, ungejua." Kisha nikasema lililokuwa moyoni. "Kama huwezi, nitasimama dirishani niwajibu mwenyewe. Hadithi ni yangu."

Talaka mbili alikwisha kunipa: ya kwanza kwa samaki aliyeungua, ya pili kwa kwenda mazikoni Kurasini bila ruhusa. Mara zote mbili alinirejea. Siku ile alinyoosha kidole mbele ya uso wangu. "Ukimwambia mwanamume yeyote kwamba hadithi hii ni yako, umetoka katika nyumba yangu, na hiyo ndiyo ya tatu."

Ya tatu haina kurejea. Nyumba ni yake, na mabinti zangu wawili, Thuraya na mdogo wake, wangebaki kwake. Wazazi wangu walikwisha kufa. Nikanyamaza.

Lakini alisema nisimwambie mwanamume. Hakusema lolote juu ya mikono yangu. Mwezi uliofuata walipokutana tena kuzozana juu ya yule wa saba, niliandaa kahawa, nikafunga kwenye mpini wa dele uzi mwekundu wenye mafundo, kila la saba kubwa kuliko mengine. Mfaume akalitoa dele mwenyewe bila kutazama. Nikarudi dirishani. Jabiri alikuwa mume wa Tunu, na Tunu alikuwa msikilizaji wangu tangu mwanzo. Nilijua mmoja pale barazani ataelewa.

Aliushika uzi, akaupitisha vidoleni. "Hivi ndivyo Tunu alivyohesabu eda ya mume wake wa kwanza," alisema. Kisha akapiga paja. "Muhdhar! Wa saba ni mwanamke! Kahesabu siku kwa mafundo, ndiyo maana wamejua Ramadhani!"

"Allah!" alisema Muhdhar. "Na hewa vile vile! Kila fundo, kiriba! Mfaume, mjanja wewe, umetuficha miezi yote hii!"

Mfaume aliutazama uzi. Kisha akacheka. "Nilitaka mgundue wenyewe," alisema. "Hata uzi nimeuagiza ndani makusudi."

Wakampa mkono mmoja mmoja. Jabiri alikuwa wa mwisho, na kabla ya kumpa mkono aliinua uso akalitazama dirisha langu. Alitazama kitambo.

Toleo lililofuata Somoe alikuwamo, kwa jina la Mfaume. Pengo la Somoe ndilo lililokuwa shahidi wangu pekee mbele ya wanaume, na nililiziba kwa mikono yangu. Tangu hapo, kila walipoona kasoro, Mfaume aliniletea nami nikaitengeneza. Sikufanya kwa kumpenda. Sikuweza kuvumilia Birika lichekwe.

Mwaka jana Mfaume alikufa. Jeneza likiwa barazani, kaka yake Mwishehe alisimama akatangaza kama ilivyo ada: "Mwenye kumdai marehemu asinyamaze. Madeni yake yote ni juu yangu." Nilimsikia. Siku ya tatu nikamwita, tukazungumza pazia likiwa katikati.

"Shemeji, mie namdai."

"Sema, shemeji. Kiasi gani?"

"Si fedha. Hadithi ya Birika ni yangu. Nataka useme hivyo barazani, Jabiri na Muhdhar wakisikia."

"Unataka nimwite maiti mwizi? Una majonzi, shemeji. Pumzika."

Nikamtuma Tunu kwa mumewe, aje anishuhudie. Alirudi hanitazami usoni. "Anasema hakumbuki uzi wowote."

Sasa eda imekwisha na kile kiapo cha talaka hakina nguvu tena. Nimewaambia wanaume na wanawake; wasusi wenzangu wanajua, lakini neno lao halifiki barazani, na wengine wote wananionea huruma kama mjane aliyeingiwa na wazimu. Gazeti lina jina la Mfaume, mie nina maneno matupu.

Mwishehe alisema madeni yote. Hakusema ya fedha peke yake. Anadaiwa sentensi moja, kwa sauti ile ile aliyotangazia siku ya maziko. Jabiri anadaiwa ushahidi, kwa kuwa alijua. Wote wawili wazima, na kila Ijumaa wanapita mlangoni pangu kwenda msikitini.