Zabibu Alizozing'arisha Mume Wangu kwa Ajili ya Kanisa

Admin, naomba unifichie jina. Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto watatu. Tunalima zabibu upande wa Msalato na mimi ndiye ninayeziuza soko la Majengo. Huwa naandika shajara kila jioni, lakini hili limenishinda kuliandika hata humo.

Msimu huu mtaalamu alitufundisha dawa ya nano. Alisema ina chembe ndogo mno, jicho haliwezi kuziona, zinaziba vitundu vya ngozi ya tunda lisinyauke upesi. Alisisitiza tuchovye zabibu nzima, safi, zilizokatwa siku hiyohiyo. Tulifanya hivyo na zilikaa vizuri. Sina ugomvi na dawa.

Siku moja kabla ya ibada ya mavuno nilimkuta mume wangu nyuma ya nyumba akiokota zabibu tulizowatupia nguruwe. Zina ukungu, zinatoa povu, nzi wamezijaa. Anazisuuza kwa sabuni, anazichovya kwenye dawa, anazianika. Zilipokauka ziling'aa kama zimekatwa asubuhi ile. Nikapasua moja. Ndani uji wa kahawia, na funza anajinyonganyonga. Nilitapika palepale.

"Baba Neema, hizi za nani?"

"Za kanisani. Malimbuko."

"Malimbuko haya, na funza wake?"

"Mama Neema, kwani Mungu anakula zabibu? Nzuri tunauza, hizi tunatoa." Akacheka.

Alisahau kwamba kwetu matoleo ya mavuno hupigwa mnada baada ya ibada. Kikapu chetu kiligombewa, na aliyekipata ni mama yake mzazi. "Za mwanangu hizi, haziendi kwa mtu!" akapaza sauti, akanyofoa moja na kuimeza nzima bila kutafuna. Mume wangu akapiga makofi na wengine.

Tangu hapo mama tumbo linamsumbua, analaumu maji ya kisima. Nilipomwambia mume wangu akaseme ukweli, alijibu, "Ukifungua mdomo, rudi kwenu."

Jana mama alipiga simu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Walete wajukuu, nimewabakizia kishada. Bado kinang'aa!"

Kishada hicho nitakitupa mwenyewe. Lakini mume wangu akinishika tu mkono nasikia kinyaa, chakula alichogusa hakipiti kooni. Ndugu zangu, nisaidieni. Mama huyu nimwambieje kwamba mwanawe alimtazama akila uozo, akampigia makofi?